Jumapili za Deolinda Pacheco

Deolinda Pacheco aliingia kwangu mara ya kwanza asubuhi ya Jumanne moja ya Novemba, amevaa koti la mumewe. Lilimpwaya mabegani, na mikono ya koti ilikuwa imekunjwa mara mbili. Alilivua, akalitundika nyuma ya mlango wa jikoni, akanawa mikono, ndipo akaja chumbani kuniangalia. Hakunipa pole. Wote waliokuwa wakija siku zile walianza na pole, maana mama yangu alikuwa amezikwa wiki tano tu zilizopita. Yeye alisimama miguuni pa kitanda, akaniuliza:

"Claudette ni wewe?"

"Ni mimi."

"Kahawa unakunywa na maziwa?"

"Maziwa mengi."

"Afadhali. Wanaokunywa nyeusi huwa wana roho ngumu."

Nilikuwa na miaka thelathini na sita. Miaka saba kabla ya hapo gari langu lilikuwa limeteleza kwenye barafu nikitoka kazini, nikavunjika shingo. Tangu siku hiyo miguu yangu imelala. Mikono inanisaidia kidogo tu: naweza kusukuma kitu, siwezi kukishika. Mama ndiye aliyekuwa akiniosha, akinilisha, akinigeuza kitandani nisiote vidonda. Alipofariki, ofisi ya jimbo ikakubali kulipia mhudumu wa nyumbani, nami nikaambiwa nimchague mwenyewe. Nilihoji wanawake wanne. Watatu waliniuliza kuhusu ugonjwa wangu. Deolinda aliniuliza kuhusu kahawa.

Yeye alikuwa mwanamke wa visiwani, wa Azores, visiwa vya Wareno, kama nusu ya watu wa mtaa wetu hapa Fall River. Alikuja na wazazi wake akiwa na miaka kumi na tatu, na alipotimiza kumi na sita akaingia kiwandani kushona kola za mashati. Mimi nilikuwa nikikagua mapazia kiwanda cha pili kutoka chake, mlimani kidogo. Kwetu sisi ni watu wa asili ya Kifaransa, tuliotoka Kanada zamani za babu, na watu wetu na watu wao walizoea kutaniana vibaya. Kiwanda chake kilipofungwa, cherehani zikapakiwa kwenye malori mbele ya macho yao, yeye akaanza kutafuta kazi ya kuhudumia watu.

Siku za mwanzo tulizungumza viwanda tu. Akiniosha nywele alikuwa akinisimulia habari za msimamizi wao aliyekuwa akipima kwa saa muda wa mtu kwenda chooni, na za mwanamke aliyeshona jina la mchumba wake ndani ya kola, shati likauzwa, mchumba asijue kamwe. Mimi nikimsimulia vumbi la pamba lililokuwa likitufanya tuonekane wazee wenye mvi tukitoka saa kumi jioni. Tulicheka sana. Ukisikiliza ungedhani tulipoteza pepo, na kumbe tulipokuwa huko wote wawili tulikuwa tukikilaani kiwanda kila Jumatatu.

Ratiba yake ilikuwa hivi. Saa kumi na mbili asubuhi anafungua mlango kwa ufunguo wake. Ananiosha, ananivisha, ananinyanyua kwa winchi na kuniweka kwenye kiti cha magurudumu, ananilisha, anafua, anapika. Saa sita mchana anakwenda kwake. Saa kumi na moja jioni anarudi, tunakula, na saa mbili ananilaza. Siku saba kwa wiki. Krismasi alikuja. Siku ya theluji kubwa, mabasi yote yalipolala, alikuja kwa miguu na gunia la chumvi begani, akaimwaga ngazini kuyeyusha barafu kabla hajaingia.

"Ungebaki nyumbani leo, dada," nilimwambia. Nilimwita dada kwa sababu alinizidi miaka mitano na kwa sababu sikuwa na dada mwingine.

"Ningebaki, nani angesikiliza mdomo wako? Kilichovunjika ni shingo, mdomo ni mzima kabisa."

Jumapili alikuwa akipitia kanisani kwa misa ya alfajiri, akija na harufu ya ubani kwenye skafu. Siku hiyo alipika supu ya sukuma na viazi, akaikatia soseji nyekundu yenye pilipili na kitunguu saumu, na nyumba nzima ikanukia. Nikifumba macho hata sasa naisikia sufuria hiyo ikitokota. Alikula amesimama, sahani juu ya friji, huku akinilisha mimi. Kahawa yake aliimimina saa moja asubuhi na kuimaliza saa nne, ikiwa baridi kama maji ya kisima. Nilidhani ndivyo alivyoipenda.

Tukaenda hivyo miaka kumi na tisa.

Barua ilikuja mwezi Machi. Deolinda aliifungua, akaishika mbele ya uso wangu, tukaisoma pamoja. Jimbo lilikuwa linaandaa kanuni mpya za ovataimu kwa wahudumu wa nyumbani wa watu wenye ulemavu. Mhudumu akipita saa arobaini kwa wiki, zile za ziada atalipwa nusu zaidi. Hapo tukatazamana, tukatabasamu. Chini yake palikuwa na sentensi ya pili: hakuna mhudumu atakayeruhusiwa kupita saa hamsini, isipokuwa kwa kibali maalumu. Mwisho palisema wananchi wanakaribishwa kutoa maoni yao mbele ya maofisa katika ukumbi wa chuo kimoja huko Taunton, Aprili, kila mtu dakika tatu.

Nikapiga hesabu kichwani. Saa tisa kwa siku, siku saba. Sitini na tatu.

"Wanakutoa kwangu saa kumi na tatu," nikasema. "Wananiletea mgeni aniogeshe."

"Barua imeandikwa tu bado."

"Tutakwenda, dada. Tutawaambia."

"Tutakwenda," akasema, akaikunja barua na kuichomeka nyuma ya saa ya ukutani. Mimi nilikuwa nimeshaanza kutunga hotuba yangu, sikugundua kimya chake.

Siku ya mkutano ukumbi ulijaa viti vya magurudumu kuliko nilivyowahi kuona mahali pamoja. Wahudumu walisimama nyuma ya viti, mkono mmoja kwenye mpini, kama wazazi siku ya kwanza ya shule. Mbele walikaa maofisa watatu, na mwenyekiti wao, Bwana Whitcomb, mzee mpole mwenye sauti ya mafua, alikuwa na kikadi cha njano cha kuonyesha dakika moja imebaki. Mlangoni palikuwa na karatasi ya kujiandikisha. Deolinda aliandika jina langu. Kisha, nilipokuwa nikiamkiana na mwanamke niliyemjua, aliandika na lake. Hilo sikuliona.

Niliitwa wa tisa. Deolinda alinisukuma hadi kwenye kipaza sauti, akakishusha kifike mdomoni mwangu. Niliongea vizuri, nasema mwenyewe. Niliwaambia kwamba mwili wangu si kazi ya zamu, anayeujua ni mtu mmoja, na imemchukua miaka kumi na tisa kuujua. Nikamaliza hivi: "Huyu mnayetaka kumpunguzia saa ndiye mikono yangu. Mkimwondoa, mmenikata mikono." Watu walipiga makofi. Mwanamke mmoja alifuta machozi. Nilirudi mahali petu nikiwa nimevimba kichwa.

Watu wawili baadaye, Bwana Whitcomb akasoma: "Deolinda Pacheco."

Alikwenda peke yake. Alikuwa amevaa gauni lake la bluu la msibani na ameshika karatasi, lakini hakuisoma. Kiingereza chake kilikuwa kizuri, ila akiogopa maneno ya kisiwani yalimjia miguuni na kumkwaza.

"Naitwa Deolinda Pacheco," akasema. "Mimi ndio mikono ya yule bibi aliyesema pale. Amesema kweli. Lakini mikono hii ina mwenyewe."

"Kwanza, ovataimu mtulipe. Kiwandani tulilipwa, na zile zilikuwa kola za mashati. Huyu ni mtu. Sielewi kwa nini mtu ana thamani ndogo kuliko kola." Watu wakacheka kidogo. Yeye hakucheka. "La pili, hizo saa. Wenzangu wamekuja kuwaambia msiziguse, wana sababu zao. Mimi nitasema ukweli wangu. Nimechoka. Bega hili la kulia haliinuki zaidi ya hapa." Akaonyesha. "Kila Juni tuna msafara wa Santo Cristo, Kristo Mtakatifu, kule parokiani. Unatoka saa nane mchana, unarudi kanisani jua likishuka. Miaka kumi na tisa sijaufikisha kanisani. Nauacha kona ya mtaa wa Columbia, kwa sababu saa kumi na moja ana njaa. Si kosa lake, njaa si kosa. Basi wekeni huo mpaka wenu, lakini msiuweke kesho. Tupeni muda wa kumtafuta mtu mzuri na kumfundisha. Msimwache peke yake hata siku moja. Ni hilo tu."

Kikadi cha njano hakikuwa kimeinuliwa bado. Alibaki na dakika nzima, akaiacha.

Sijui nieleze vipi nilivyojisikia. Uso uliniwaka. Hasira ilitangulia: amenivua nguo mbele ya watu. Nyuma yake kikaja kitu kibaya kuliko hasira. Mimi ninayejua jina la kila mtakatifu aliyemwomba, ninayejua mume wake Gilberto anakoroma kwa sauti gani, sikuwahi kumuuliza Jumapili ya Juni alikuwa anatoka wapi akiingia jioni anahema vile.

Njia nzima ya kurudi nilitazama dirishani. Dereva alifungulia mpira redioni. Jioni alinilisha, akanilaza, akanitakia usiku mwema, nami nikaitikia kama ninayemjibu karani.

Asubuhi saa kumi na mbili ufunguo ukazunguka mlangoni kama siku zote.

"Umeninunia," akasema akifungua mapazia.

"Sijanuna."

"Aliyenuna ndiye husema hajanuna. Geuka. Aa, nakugeuza mwenyewe, huna hata msaada leo."

"Kwa nini hukuniambia hapa nyumbani, dada? Miaka yote hii."

Alikaa ukingoni mwa kitanda. Hilo lilikuwa jambo geni, hakuwa akikaa asubuhi.

"Ningekuambia, ungejibuje? Ungesema, 'Nenda tu, dada, nitajiweza.' Halafu ungekaa na kiu mpaka nirudi, na ukiulizwa ungesema ulikuwa huna kiu. Nakujua wewe. Jana hukuweza kunikatiza. Dakika tatu zilikuwa zangu."

"Ungeniambia bega linakuuma."

"Ungeacha kuogeshwa."

Nilitaka kukataa, nikaona ni kweli. Nilianza kucheka huku nalia, na kwa kuwa siwezi kujifuta, akanifuta yeye, kwa upindo wa shuka.

"Nilikuwa nahema kila Juni," akasema, "kwa sababu nilikimbia kutoka kona. Ukaniuliza mara moja, 'Dada, unazeeka?' Nikakuambia ni ngazi."

Kanuni zilitoka mwezi Agosti. Ovataimu ililipwa. Mpaka wa saa hamsini ulibaki, lakini watu walipewa miezi sita ya kujipanga, na asiyepata mhudumu wa pili aliruhusiwa kuomba kibali.

"Wamesikia nusu," nikasema.

"Serikali ikisikia nusu, mshukuru Mungu. Gilberto hajawahi kusikia robo."

Fomu ya kibali ilikuja ndani ya bahasha hiyo hiyo. Ilikuwa ya kurasa mbili, na mwandishi wangu wa fomu zote alikuwa yeye. Aliiweka mezani, akachukua kalamu, akavaa miwani, akasubiri nimtajie maneno. Najua angeandika. Ningesema tuombe kibali, angeandika kwa ule mwandiko wake mzuri wa shule ya masista, angepeleka posta mwenyewe, na angeendelea kuuacha msafara kona mpaka bega life.

"Usiandike," nikamwambia. "Tutafute mtu wa Jumapili."

Alivua miwani. "Una hakika, mdogo wangu?"

"Sina. Tafuta hivyo hivyo."

Tulimpata Sophea Chhim, binti wa Kikambodia wa mtaa wa Flint, mwenye miaka ishirini na sita, mkimya, mwenye mikono ya joto. Deolinda alimfundisha wiki mbili, na huruma hakuwa nayo. "Usimnyanyue kama gunia la viazi. Kwanza mwambie unamnyanyua, kisha mnyanyue." "Supu ipulize wewe, usimpulizie yeye usoni." "Akisema hana kiu, mpe maji." Sophea aliandika kila kitu kwenye kijitabu na kumwita shangazi. Siku ya mwisho Deolinda alikikagua kijitabu chote, akakirudisha, akasema, "Sawa," akaenda jikoni na kukaa huko muda mrefu akisugua sufuria safi.

Jumapili ya kwanza simu ililia saa moja asubuhi, alikuwa Deolinda. Ililia saa tatu, yeye tena. Saa tano ikalia kengele ya mlango, ambayo watu wa kwangu hawakuwa wakiitumia. Sophea akafungua. Deolinda alikuwa amesimama kizingitini, amevaa viatu vya kisigino, midomo ameipaka rangi, ameshika mkate mtamu wa mayai uliofungwa kwenye kitambaa.

"Nilikuwa napita," akasema. Kwake na kwangu ni mitaa kumi na mmoja, tena ya kupanda.

"Karibu mgeni," nikamwambia.

Aliketi sebuleni kwenye kiti cha mama. Mikono ilimsumbua, hakujua aiweke wapi. Mara mbili aliinuka kunivuta blanketi, mara mbili nikamwambia aketi. Sophea alimletea kahawa. Akainywa polepole, yote, ikiwa bado inatoa moshi, akakitazama kikombe kitupu kama aliyeona kitu ndani yake.

"Kumbe unaipenda ya moto," nikasema.

"Nani haipendi ya moto?"

Baada ya hapo alikuja karibu kila Jumapili, baada ya misa kubwa, kama mgeni. Tulizungumza tofauti. Siku za kazi tuliongea huku anafanya kitu, maneno yakipita katikati ya taulo na vijiko. Jumapili alinitazama usoni. Ndipo nilipojua kwamba aliwahi kuwa na mtoto wa kiume aliyeishi siku nne, na kwamba alitaka kuwa mwalimu, na kwamba lile koti la mumewe alilivaa siku ile ya Novemba kwa sababu lake alikuwa ameliuza.

Juni ilipofika, Sophea alinisukuma hadi mtaa wa Columbia. Tulipata nafasi ukingoni, karibu na banda la maandazi, sukari ikitudondokea magotini. Bendi ilipita kwanza, kisha watoto waliovaa kama malaika, mabawa yamekaa upande. Kisha wanawake, safu mbili ndefu, mishumaa mikononi. Nilimtafuta nikidhani nitamtambua kwa mwendo wake wa haraka. Hakuwa na haraka. Alikuwa akitembea taratibu, mgongo umenyooka, kichwa kimefunikwa lesi nyeusi, akiimba kwa Kireno pamoja na wanawake mia, na wale waliokuwa naye ubavuni walimjua, walimgusa kiwiko, walimnong'oneza kitu akatabasamu. Nilimwona akiwa mtu wa watu wengine. Miaka ishirini nilidhani namjua kabisa.

Aliniona alipofika mbele yetu. Mikono yake ilikuwa na mshumaa, hakunipungia. Aliinua tu nyusi, kama anavyofanya nikisema upuuzi, akapita, akaipita na kona.

Alifanya kazi kwangu miaka minne tena, kisha bega likakataa kabisa, akahamia kwa binti yake Natália huko Swansea, ng'ambo ya mto. Jumapili aliletwa kwa gari. Magoti yalipomshinda tukawa tunapigiana simu, Sophea akiniwekea simu sikioni, kila mmoja akimuuliza mwenzake amekula nini. Alifariki mwaka jana, Februari, usingizini. Natália aliniwekea nafasi safu ya mbele kanisani, upande wa familia, wakaondoa kiti kimoja cha mbao ili changu kiingie.

Siku hizi nina wahudumu watatu. Sophea ndiye mkubwa wao, ana watoto wawili na sauti imeongezeka. Kila mhudumu mpya akija huniuliza kuhusu ugonjwa wangu, nami namjibu. Kisha namuuliza mimi: siku gani katika mwaka hutaki kuikosa hata iweje? Wengi hushtuka. Wa mwisho, kijana mmoja mrefu, alifikiri sana, akasema siku ya kuzaliwa ya nyanya yake, Oktoba tarehe tisa. Nikamwambia Sophea aiandike kwenye kalenda kwa wino mwekundu.